Gari Lisilong'aa

Siku ya kwanza kuwaona wanaume wale nilidhani wamepoteza kitu. Walikuwa tisa, watu wazima wenye vitambi na funguo za magari ya kweli mfukoni, wamepiga magoti kwenye vumbi la Kyambogo wakichungulia chini ya kitu chenye ukubwa wa paka. Mmoja alikuwa akikipuliza kwa mdomo. Kampuni yetu ya oili ilikuwa imenituma Jumamosi hiyo kutundika bango kwenye ua wa uwanja wao, kwa sababu bosi aliamini kwamba anayependa injini ndogo atanunua oili ya injini kubwa. Bosi wetu huamini mambo mengi.

Jina langu ni Akeyo. Natoka Kisumu, na kwa miaka tisa nimeuza oili na grisi kwa jumla pale Kisenyi, kwa makanika na wenye malori. Wanaume na injini zao nawajua. Nimewaona wakilia zaidi juu ya gia boksi kuliko walivyolia kwenye matanga ya mama zao. Kwa hiyo niliwatazama hawa wa Kyambogo kwa dharau safi kabisa, dharau ya mtu asiyewadai kitu.

Kisha wakawasha.

Sauti ile ilinishika kwenye meno. Moshi mweupe ulitanda, una harufu tamu inayochoma pua, na magari manne yakaruka tuta la udongo kwa pamoja, yakatua, yakapinda kona kwa kuteleza upande bila kupunguza mwendo. Madereva walikuwa wamesimama juu ya jukwaa la mbao, kila mmoja na rimoti yake, kimya, nyuso zimekaza. Niligundua kwamba bado nimeshika kamba ya bango na sijafunga hata fundo moja.

Walipomaliza niliona rimoti mezani, ina usukani mdogo ubavuni. Nikaishika ili nihisi uzito wake tu.

"Nyabo, weka chini," mtu akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Hiyo si rimoti ya televisheni."

Huyo ndiye Lawrence, katibu wa klabu. Alikuwa mrefu, amevaa shati lenye jina lake mgongoni, kana kwamba mgongo wake ungeweza kupotea ukahitaji kurudishwa kwa mwenyewe. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema kama mama anataka kucheza atafutiwe gari la betri, halichafui kucha.

"Mtu anajiunga vipi?" nikauliza.

Lawrence akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Unaleta gari la mafuta ya nitro, la saizi yetu. Unaliendesha bila kuua mtu. Ni hayo tu." Akageukia wenzake. "Ni hayo tu, jamani, siyo?"

Wakacheka tena. Nilifunga bango, nikarudi mjini, na kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Sitadanganya kwamba ilikuwa mapenzi ya mchezo. Nilitaka kumwona yule mtu akila vumbi langu.

*

Jirani yangu Kisenyi ni mzee Okwera, Mwacholi aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi hadi alipostaafu. Sasa anatengeneza jenereta na pikipiki kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ofisi yetu. Kiswahili chake ni cha kambini, na dharau yake haina mipaka. Hudharau injini za Kichina, injini za Kijapani, na watu wanaosema kuna tofauti. Nilipomweleza ninachotaka aliweka spana chini.

"Gari ya mutu mudogo," akasema.

"Gari dogo, afande. Mtu ni mkubwa."

"Mutu mukubwa hanunui hiyo." Akafuta mikono. "Lakini engine ni engine. Twende."

Tulianzia duka moja la Nakivubo lenye midoli na vyombo vya muziki. Lilikuwepo gari moja la nitro, limewekwa juu kabisa, jekundu, lina magurudumu makubwa kuliko mwili wake na mabomba ya moshi yanayometameta. Nakiri, moyo ulinidunda. Nililiona tayari likipita mbele ya Lawrence kama bibi harusi. Muuzaji alisema linaruka mita tatu juu.

"Inaruka kwenda wapi?" Okwera akauliza. "Mashindano iko juu ama iko chini?" Akaligeuza tumbo juu, akatikisa gurudumu la mbele, akashika kipande cha plastiki kinacholibeba. "Hii mukono ikivunjika, nyingine iko wapi?"

"Mzee, hii haivunjiki."

"Ikivunjika."

Muuzaji akacheka. "Basi mama atanunua gari jingine."

Okwera alilirudisha mikononi mwa muuzaji. Nje akaniambia kwamba gari lisilo na spea ni picha, na kama nataka picha ninunue kalenda.

Gari la pili lilikuwa la Lawrence mwenyewe. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia wazi kwamba natafuta, naye sauti yake ikalainika papo hapo. Alikuwa na gari alilolitumia msimu uliopita, kwa kuwa amenunua jipya. Alikuja nalo hadi kibandani kwa Okwera. Lilikuwa limeoshwa, ganda lake jipya, stika mpya, hata skrubu zinang'aa.

"Nimekutunzia wewe," akasema, ingawa wiki moja kabla hakujua kama nina jina. Akazungusha kwa kidole lile gurudumu la chuma lililo mkiani mwa injini. "Sikia lilivyo laini. Injini imeshazoea. Huna kazi ya kufanya, nyabo, ni kuweka mafuta na kuondoka."

Okwera alifungua plagi, akaliweka gari sikioni, akazungusha gurudumu lile polepole, mara moja, mara mbili, macho yamefumba. Injini hizi ndogo zikiwa baridi, pistoni ikifika juu kabisa hubanwa na silinda, na kidole lazima kihisi kugoma kidogo. Isipogoma, zimelika. Hayo alinieleza baadaye. Kwa Lawrence alisema neno moja tu.

"Siagi."

"Mzee anasemaje?"

"Kitu laini ni siagi. Hii engine imekufa zamani. Wewe umeiosha na kuivalisha, sasa unatafutia yeye mazishi kwa huyu mama."

Lawrence aliangua kicheko, akaniuliza kama nitamsikiliza mtu wa pikipiki au katibu wa klabu. Nilimwambia asante kwa kuja. Alipokuwa akiondoka na gari lake kwapani alisema nitarudi, na nikirudi bei haitakuwa ile.

La tatu tulilipata kwa Tresor, Mkongomani anayetengeneza simu kwenye ngazi za jengo moja pale Nakivubo. Aliwahi kuwa mwanachama wa klabu. Gari lake lilikuwa baya kulitazama. Ganda lilikuwa limepasuka likafungwa kwa utepe wa umeme mweusi, rangi imebabuka, na stika pekee iliyobaki haisomeki. Nililidharau kabla halijatolewa vizuri kwenye boksi.

"Mama, iko muzuri," Tresor akasema. "Bale batu hawakuipenda juu ya vile haing'ae."

"Mbona uliacha?"

Akainua mabega. "Nikisema kitu, banaiga namna nasema. Kila Jumamosi. Nikachoka."

Okwera alikuwa ameshafungua plagi. Akazungusha. Kidole chake kikakwama, akasukuma, kikapita. Akazungusha tena. Halafu akafungua boksi la pili, ndani yake mikono minne ya plastiki ya akiba, gia mbili, plagi sita, zote zimefungwa kwenye kaveera za plastiki, moja moja. Tresor akaongeza kwamba watu wanne pale klabuni wanaendesha aina hiyohiyo, kwa hiyo kifaa kikivunjika katikati ya mashindano utapata wa kumwomba.

"Hii," Okwera akasema.

"Ni baya, afande."

"Wewe naendesha ganda ama naendesha engine?"

Nikalinunua, nikiwa nimenuna.

*

Mwezi mzima nilijifunza kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala, Jumapili asubuhi, Okwera ameketi juu ya debe akinitukana. Niligonga ukuta. Niligonga mbuzi wa mtu. Nilivunja mikono miwili kati ya ile minne, na kila nilipovunja alinifanya niubadilishe mwenyewe. Lililonishinda kabisa mwanzoni ni kwamba gari likija kuelekea kwako, kushoto kwake ni kulia kwako, na mkono hauna muda wa kufikiri.

Kitu alichorudia kuliko vyote ni habari ya moshi. Kwenye kabureta kuna skrubu inayopima mafuta. Ukiibana, injini inapata mafuta kidogo, inakimbia kwa kasi, inalia vizuri, na inaungua, kwa sababu oili yake imo ndani ya mafuta hayohayo. Okwera aliirekebisha pale anapotaka, kisha akaweka tone la rangi nyeupe kwenye skrubu na jingine kwenye kabureta, yakitazamana.

"Angalia moshi," alisema. "Moshi ikipotea, simama. Hata kama uko mbele. Engine inaimba sana ikitaka kufa."

Nilimwambia nimesikia. Mimi ni muuza oili. Nilihisi ananifundisha jina la mtoto wangu.

*

Siku ya mashindano yangu ya kwanza Okwera alikuwa Gulu kwenye harusi ya mpwa wake. Nilikwenda peke yangu. Wanaume wale walilizunguka gari langu wakitazama utepe mweusi, na mmoja akauliza kama limetoka hospitali. Lawrence alitabasamu tu, akawaambia wengine wampe mgeni nafasi mezani.

Katika raundi ya kupangana nilikuwa wa sita kati ya tisa. Nilifurahi, sikumwonyesha mtu. Kabla ya fainali niliacha gari mezani nikaenda kusaini karatasi kwa Fatumah, dada mpole anayehesabu mizunguko na kushika saa. Nilichukua dakika tatu, nne. Niliporudi niliwasha, nikalishusha uwanjani, nikapanda jukwaani.

Fainali ilikuwa ya dakika nane. Kufika mzunguko wa pili nilikuwa wa tatu, na sikuelewa kwa nini. Gari lilikuwa jepesi. Kwenye sehemu iliyonyooka lilivuta kwa namna ambayo halijawahi, sauti imepanda juu, kali, tamu. Nikampita mmoja. Mbele alibaki Lawrence peke yake. Kwenye kona ya tuta alipanua mno, nami nikaingia ndani, nikatoka nikiongoza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba magari yote yana mkia wa moshi isipokuwa langu.

Niliona vizuri. Sitasema jua lilinipiga machoni. Nilisikia maneno ya Okwera neno kwa neno, na nilisikia pia pumzi ya Lawrence kushoto kwangu jukwaani, pumzi ya mtu anayefukuza. Nilijiambia mzunguko mmoja tu. Kisha mmoja mwingine. Watu walikuwa wameanza kunyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kutamu kuliko makofi. Wale wale wa kucha na betri! Nikazidi kufinya kifyatuo cha mafuta.

Mzunguko wa tisa, katikati ya sehemu iliyonyooka, injini ilipiga yowe fupi ikakata. Gari likateleza likiwa na magurudumu yaliyofunga, likasimama mbele ya bango la kampuni yetu. Lawrence akapita. Wakapita wote.

"Nyabo, mafuta yameisha?" mtu akauliza, na kicheko chao kikarudi mahali pake.

Nilishuka nikalichukua. Lilikuwa la moto hata kupitia kitambaa, linanuka chuma. Nililigeuza. Tone jeupe la skrubu lilikuwa limetazama upande mwingine kabisa.

Nilisimama na gari mkononi hadi Fatumah alipokuja. "Kaka Lawrence aliligusa," akasema kwa sauti ya chini. "Ulipokuwa unasaini. Alikuwa na bisibisi. Nilidhani mmekubaliana."

Nikamfuata Lawrence palepale alipokuwa akipigwa picha na kikombe. Nilimuuliza mbele ya wote kama aligusa gari langu. Nilitegemea akane; nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Hakukana.

"Nilikusaidia," akasema. "Lilikuwa linafuka kama jiko la kuni. Uliongoza mizunguko saba, nyabo. Wewe! Nani mwingine hapa amewahi kukupa mizunguko saba?"

Wakanitazama wakisubiri. Nami, mwanamke ambaye huwatoa madereva wa malori ofisini kwa maneno mawili, nikabeba gari langu nikaondoka. Mizunguko saba ile niliitaka. Alijua nitaitaka. Alinisoma kama kibandiko cha chupa.

*

Jumatatu nilimwekea Okwera gari mezani. Alijaribu kuzungusha gurudumu la mkiani. Halikwenda. Nilimweleza kila kitu kuhusu Lawrence, kwa sauti ya juu, na nikaeleza vizuri.

"Moshi ilipotea saa ngapi?" akauliza.

"Mzunguko wa pili."

"Wewe nasimama saa ngapi?"

Aliniangalia kwa jicho lile alilotumia Nakivubo kwa gari jekundu, jicho linalotafuta spea na kuona hakuna. Nimewahi kudharauliwa na watu wengi, wateja, mashemeji, askari wa barabarani. Hakuna dharau iliyoniingia kama ile.

"Yule ni mwizi," akasema. "Lakini kidole ilikuwa yako." Akaondoka kwenda kwenye jenereta ya mtu, akaniachia bisibisi.

Niliifungua injini mwenyewe. Pistoni ilikuwa imekwaruzika kutoka juu hadi chini, na kipande kidogo cha chuma kimeyeyuka pembeni. Binamu yangu Nairobi alinitafutia pistoni na silinda mpya, akazituma kwa basi. Nilizifunga, nikakosea, nikafungua, nikafunga. Kisha nikaizoesha injini ile kama inavyopaswa, matangi matano ya mafuta, gari likizunguka taratibu, linafuka, linatema oili kwenye sketi yangu, Jumapili tatu mfululizo. Okwera alikuwepo ameketi juu ya debe lake. Hakunitukana hata mara moja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kwenye tangi la tano akaniomba rimoti, akaendesha mzunguko mmoja, akagonga ukuta, akanirudishia.

"Iko sawa," akasema.

Klabuni kulikuwa na kikao kabla ya mashindano yaliyofuata. Nilisimama nikasema nataka sheria moja iandikwe, kwamba hakuna mtu kugusa gari la mwenzake bila mwenyewe kuwepo. Lawrence alisema haya ni mambo madogo, klabu ni undugu, na mgeni asilete mambo ya polisi. Nikasema sitaki aombe radhi. Radhi yake singejua niiweke wapi. Nataka sheria, na ambaye hana mpango wa kugusa gari la mtu haitamuumiza. Fatumah, ambaye kwa desturi hafungui mdomo vikaoni, akasema hata yeye anaitaka, kwa sababu alichokiona kilimnyima usingizi. Wakapiga kura. Sita wakakubali, watatu wakakataa. Wale watatu bado nawasalimia, kwa kichwa tu.

Lawrence alibaki kuwa katibu. Dunia haipinduki kwa kura sita. Lakini tangu siku ile nawaona watu wakibeba magari yao wanapokwenda kusaini, na wanapompita yeye huyahamishia mkono wa pili. Anaona. Nimemwona akiona.

Siku ya mashindano hayo Okwera alikuja, amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya mpwa wake, akakataa kiti walichompa akasimama kando ya ua. Gari langu lilifuka moshi kutoka mwanzo hadi mwisho. Lawrence alinipita mzunguko wa tatu, na vidole vyangu vilinisihi nifinye zaidi, nikaviacha visihi. Nilimaliza wa nne. Yeye alimaliza wa pili, akagombana na aliyemshinda hadi giza lilipokaribia.

Nilitegemea Okwera aseme neno. Tulikuwa tumeshafika njiani, tumebeba boksi la vifaa, kila mmoja ameshika upande wake, ndipo akafungua mdomo.

"Ile kona ya tuta. Mbona unaingia kama mutu anaogopa mulango ya mwenyewe?"

Nikamwambia udongo pale umelegea, ukiingia kwa kasi mkia unakimbia. Akasema huo ni uongo. Tukaweka boksi chini, pale pale kando ya barabara, nikachora kona mavumbini kwa kijiti ili nimwonyeshe, naye akachuchumaa na suti yake akafuta mstari wangu kwa kiganja, akaanza kuchora wake.